Ndege Iliyopenda Kushoto

Wale mliokuwapo uwanjani muhula uliopita mtakumbuka jinsi mlivyocheka. Ndege yetu ya mianzi na nailoni, yenye mota ndogo na magurudumu ya soli za kandambili, ilikimbia hatua 10, ikageuka kushoto, ikazunguka kama pia. Tuliirudia mara 6, na mara zote ilikuwa kushoto.

Mimi sikukawia kumwona mkosaji. Magurudumu aliyakata rafiki yangu, nami nikamwambia mbele ya watu kwamba ameyakata kombo. Hakujibu neno. Alichukua kisu chake akaenda zake bwenini, na tangu siku ile nikafanya kazi peke yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza, jambo lililopasa kutangulia. Uwanja wetu, kama kila mahali hapa Mbinga, una mwinamo. Basi niliielekeza ndege upande wa pili. Ikaenda kushoto vilevile. Nikazima mota, nikaisukuma kwa mkono, ikaenda sawasawa. Magurudumu hayakuwa na kosa lo lote. Nilijua hivyo siku ya Jumanne, lakini sikumwambia rafiki yangu mpaka likizo ikapita. Naona haya kuyaandika.

Likizoni nilikwenda kwa mjomba, mvuvi wa Mbamba Bay. Nilipiga kafi upande mmoja tu, na mtumbwi ukageuka, nikahangaika kuurudisha.

"Usingoje ugeuke, mjomba," akaniambia. "Ukisha kugeuka utashindana nao." Yeye kila alipopiga kafi alimalizia kwa kuupinda ubapa wake kidogo, na mtumbwi ukanyoka.

Niliporudi Mwalimu wa Fizikia alinifafanulia mambo mawili. Pangaboi letu huzunguka kuelekea kuume ukilitazama kutoka nyuma; upepo wake hujisokota kuuzunguka mwili wa ndege, hupiga ubavu wa kushoto wa mkia, na pua huelekea kushoto. La pili lilikuwa kosa langu mwenyewe. Betri niliifunga karibu na mkia, mbali nyuma ya magurudumu makubwa. Ndege ikigeuka kidogo tu, uzito ule hutaka kuendelea mbele na kuyapita magurudumu, ndipo huzunguka. Bombardier Q400 niliyoiona Songea ina gurudumu puani, na uzito wake uko mbele ya magurudumu makubwa, kwa hiyo hujinyosha yenyewe. Ndugu wawili Wright hawakuijua taabu hii mwaka 1903, maana ndege yao haikuwa na magurudumu; iliondokea juu ya reli ya mbao.

Jioni, kabla ya prepo, nikamwendea rafiki yangu, nikamweleza yote, pamoja na ile Jumanne. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza betri iko wapi.

Tuliisogeza mbele mno, ndege ikaanguka kifudifudi ikavunja pangaboi, akachonga jingine. Tukairudisha betri kidogo, tukaielekeza mota kuume kwa unene wa kijiti cha kiberiti. Jumamosi ilikimbia hatua 43 moja kwa moja, ikaingia katika maharagwe ya shule.

Kuruka bado. Bwana Gabriel Nderitu wa Nyeri, Kenya, aliunda ndege ya kupandwa na mtu katika miaka ya 2010, ikakimbia ardhini ikakataa kuruka, naye akaunda nyingine. Rafiki yangu anasema mbawa zetu ni fupi. Mbawa nilizipima mimi.