Ua la Uani: Kuchagua Miti na Majina Yake

Katika miaka yangu ya ualimu, neno *ua* ni mojawapo ya maneno niliyopenda kuyaandika ubaoni. Ua ambalo wingi wake ni maua hupamba. Ua ambao wingi wake ni nyua huizunguka nyumba. Na kitenzi kuua kina mzizi wa herufi zile zile mbili. Kazi ya kutenganisha maana nilikuwa nikiwaachia wanafunzi waifanye kwa upatanisho wa kisarufi. Tangu nistaafu na kuanza kupanda miti katika kiwanja chetu cha Ruangwa, naona maana hizo tatu hukutana bustanini: mtu huchagua ua la kupanda uani, na asipouliza vizuri, ua hilo laweza kuua.

Huku kwetu, Nachingwea na Ruangwa, mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha jua hutawala karibu nusu mwaka, na maji huanza kuhesabiwa kwa ndoo. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye bustani haliwi kama mmea unapendeza. Swali ni kama utafika Oktoba. Waridi, ambalo ushairi wetu umelisifu bila kuchoka, hufika Oktoba kwa ndoo za mwenyewe. Bugenvilea hufika peke yake, tena ikiwa imechanua. Tena, yale ya rangi tunayoyaita maua yake ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni dogo, la rangi hafifu, limejificha katikati. Msanii wa mafumbo hapo ana mali.

Mkrismasi nao hustahili kiwanja kipana. Asili yake ni Madagaska, lakini jina tulilompa ni letu kabisa, limetokana na majira ya kuchanua kwake, Desemba inapokaribia na dari lote kugeuka jekundu. Mizizi yake hutambaa juu juu na kwa mbali, hivyo usiupande karibu na msingi wa nyumba wala tangi la maji. Mwarobaini, uliotoka pande za Bara Hindi, umepewa jina kwa maradhi arobaini unaosemwa kuyatibu. Kivuli chake ni cha mwaka mzima. Kwa harufu, mke wangu alichagua asumini karibu na dirisha na mhina kwenye mpaka. Asumini ni neno lililosafiri kutoka Uajemi kupitia Uarabuni, na huamka jioni, wakati watu wamekaa barazani.

Kuhusu ua linaloua, tahadhari ni mbili. Oleanda huvumilia ukame na hupendeza sana, lakini kila sehemu yake ina sumu, majani hata vijiti. Mnyaa hufanya wigo mzuri usiopenywa na mbuzi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni mateso makubwa. Penye wajukuu, vyote viwili nimeviacha.

Jambo lililonikaa moyoni zaidi nilikutana nalo kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Aliniamkia kwa adabu, nikamuuliza kuhusu kichaka kimoja chenye maua ya zambarau.

“Hiki kinaitwaje, mwanangu?”

“Hilo ni ua tu, mwalimu. La zambarau.”

“Na lile?”

“Lile ni ua jekundu.”

Sikumlaumu. Aliyemuuzia mbegu hakumpa jina, na sisi wenye lugha hatukumpa pia. Lakini kisicho na jina hakiingii katika shairi, na hakikumbukwi kikikatwa. Fikirini kuhusu kiua cha milima ya Usambara ambacho leo hupandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao, na mwaka uliofuata wanasayansi wakakiita *Saintpaulia*. Mmea ni wetu, jina ni lake. Mtanzania akitaka kukitungia beti leo, ataanza na jina la bwana yule.

Nachingwea ina sababu yake ya kulitafakari hili. Baina ya 1947 na 1951 Waingereza walileta hapa mradi wao wa karanga, na mashine zikang'oa pori kwa maelfu ya ekari. Karanga hazikustawi, mradi ukafa. Leo nikitembea kwenye viwanja vipya vya Ruangwa naona tunafanya kwa jembe kilichofanywa zamani kwa tingatinga: mwenye kiwanja hukata kila mti, hufagia mpaka udongo ung'ae, kisha huenda kununua ua lisilo na jina.

Ndiyo maana katikati ya uwanja nimepanda miti miwili ya porini kwetu. Wa kwanza ni mninga, wenye maua ya manjano. Mche wake una tabia ngeni: kila kiangazi hukauka hadi ardhini, ukachipua upya na mvua, na waweza kufanya hivyo miaka kadhaa huku ukijenga mzizi chini. Asiyejua huung'oa akidhani umekufa. Wa pili ni mpingo, ambao Wamakonde huuchonga vinyago na Wazungu huutengenezea zumari zao. Watu wote wanaujua weusi wa moyo wake. Ni wachache wanaojua kwamba huchanua maua madogo meupe yenye harufu nzuri. Sikumbuki shairi hata moja nililowahi kufundisha lililoyataja maua hayo.

Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Nami nimeshapita sitini. Jirani yangu alicheka aliponiona nikiuwekea mche uzio wa miiba. Nilimjibu kwa ubeti huu:

*Napanda mti wa kesho, kivuli sitakiona,*
*Jua langu lina mwisho, mizizi ina dhamana,*
*Sipandi kwa maonyesho, napandia wangu wana,*
*Jina ndiyo yangu posho, walirithi kwa maana.*

Washairi wenzangu, asumini na waridi wamehudumu vya kutosha. Wapeni mapumziko kidogo. Msimu huu wa mvua, panda mti mmoja wa asili uani kwako. Kisha nenda kwa bibi au babu wa mtaani, muulize unaitwaje kwa Kimwera, Kimakua, Kiyao au Kimakonde, na uliandike jina hilo kabla hajaondoka nalo. Kamusi zetu zina nafasi, na vina vyetu vina njaa ya maneno mapya.