Ufunguo wa Mtu, Paka wa Mtu



Nikiulizwa kwenye shughuli nafanya kazi gani, hujibu kuwa nalea paka wa watu. Wanacheka. Na yule anayecheka zaidi ndiye anayenivuta pembeni baada ya pilau: "Hebu nambie, mwenzangu, wanalipa kweli?" Wanalipa, alhamdulillah. Huu ni mwaka wa nne naifanya kazi hii hapa Unguja, na nimeona niieleze kwa urefu, hasa kwa mabibi harusi watarajiwa wanaotafuta riziki ambayo mtu ataifanya na stara yake ikabaki pale pale.

Paka wa Mji Mkongwe mnawajua. Wanajilea wenyewe, wanakula vichwa vya samaki Darajani na Malindi, wanalala barazani kama wenye nyumba. Mimi sizungumzii hao. Nazungumzia paka wa ndani. Mgeni anakuja kufundisha au kuendesha hoteli yake ndogo, anaokota kipaka uchochoroni, anakipa jina na chanjo, halafu siku ya kwenda kwao likizo anakuwa hana wa kumwachia. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinapofungwa, wanaondoka kwa mafungu. Julai na Agosti tena, na Disemba. Na siku hizi nina wateja wa kwetu wenyewe: mama anayekwenda Hijja au Umra, bi harusi anayepelekwa fungate, dada aliyeolewa Muscat anayesubiri karatasi za kumhamisha paka wake.

Nilianza na jirani mmoja mwalimu aliyeniachia paka wawili kwa wiki mbili. Aliporudi akanipa bahasha ambayo sikuitarajia, na wiki iliyofuata rafiki yake akanipigia simu. Mtaji nilioweka ulitoka kwenye mahari yangu: simu yenye kamera nzuri, baiskeli, kitundu cha kubebea paka, glavu na sabuni. Mahari ni mali yako, dada. Ukiitia kwenye biashara, biashara ni yako, na nafaka inabaki juu ya mumeo kama ilivyokuwa. Hilo niliongea naye kabla ya kununua hata sabuni, tena mbele ya mama mkwe, ili lisije kuzungumzwa jikoni bila mimi kuwapo.

Sasa nije kwenye uzito wa kazi yenyewe.

Kila mtoto aliyepita chuoni anaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie. Tuliisoma tukiwa wadogo tukamhurumia paka, basi. Mimi leo nikiisikia kwenye darsa mwili unanisisimka, kwa sababu paka wangu wote wamefungiwa. Ndivyo kazi ilivyo. Mwenyewe yuko kilomita elfu kadhaa, mlango umefungwa, na ufunguo uko shingoni mwangu. Mvua ikinyesha siku nzima, mwanangu akiwa na homa, shangazi akiwa na arusi, yule paka hana mtu mwingine duniani wa kumfungulia mlango. Ndiyo maana sikubali nyumba ambayo siwezi kuifikia kwa miguu au baiskeli, hata kwa pesa gani. Daladala ikigoma, au barabara ikifunikwa na maji, mimi nifike.

Mwaka wa pili nilipata mtihani. Mama mmoja wa Kijerumani anayekaa Shangani aliniachia paka mzee wa miaka 16 mwenye maradhi ya figo. Alikuwa anakwenda wiki tatu. Siku ya tisa paka akakataa chakula. Paka asiyekula siku mbili si jambo la kungojea, ini lake linaweza kuharibika, basi nikamwita daktari wa mifugo siku ile ile. Akamtia maji chini ya ngozi, akaja tena kesho yake. Nikampigia mwenyewe simu, tukazungumza naye sote wawili. Siku ya kumi na mbili, baada ya Alasiri, paka akafa mapajani mwangu.

Binamu yangu aliponiona nalia alisema, "Paka tu huyo, si umtupe." Sikumjibu. Mwenyewe aliomba azikwe chini ya mkomamanga wa uani, nikachimba na mlinzi wa nyumba, nikampiga picha mahali penyewe. Yule mama alilia kwenye simu karibu nusu saa, nami nikakaa naye bila kusema mengi.

Usiku ndipo hofu ilipokuja. Je, akisema nimemuua? Je, nadaiwa? Nilimuuliza mwalimu wangu wa darsa. Akanieleza kuwa katika fiqhi mtu aliyewekewa amana halipi kilichopotea mkononi mwake, isipokuwa kama amezembea au amevuka mipaka aliyowekewa. Halafu akaniuliza swali ambalo sijaliacha tangu siku hiyo: "Na wewe, unacho cha kuonyesha kuwa hukuzembea?"

Nilikuwa nacho. Tangu mteja wa kwanza naandika daftari: saa niliyoingia, alichokula na alichobakisha, maji, mkojo, choo, dawa, saa niliyotoka. Na picha kila siku. Yule mama aliporudi alikaa mezani akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mimi nimesimama karibu na dirisha. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kulichukua. Mpaka leo analo yeye. Kwa kinywa chake nimepata wateja watatu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana. Kwangu haiwi kazi bila karatasi. Ni ukurasa mmoja tu: jina la mnyama na umri, chanjo, maradhi, dawa, daktari wake, kiasi ninachoweza kutumia kwa matibabu bila kuuliza, nani apigiwe simu mwenyewe asipopatikana, na akifa afanywe nini. Huo mstari wa mwisho watu hawapendi kuujaza. Mimi simchukui paka mpaka ujazwe.

Anayetaka kuanza ajifunze pia maradhi mawili matatu. Paka dume anayekwenda kwenye mchanga mara kwa mara na mkojo hautoki, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja, kwa hiyo huruma ya kumpa dawa ya nyumbani iache. Vitunguu na mifupa iliyopikwa, hapana. Na wewe bi harusi, ukishika mimba, choo cha paka mpe mwingine asafishe. Kuna kijidudu cha toksoplazimosisi kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Huchukua siku moja hadi tano mchangani kabla hakijaweza kuambukiza, ndiyo maana mchanga husafishwa kila siku. Mimi nilipokuwa na mimba nilibaki na daftari na simu, mtoto wa shangazi akashika glavu. Huna haja ya kumfukuza paka nyumbani, kama wengine wanavyoambiwa na majirani.

Suala la stara. Naingia nyumba ikiwa tupu, baada ya mwenyewe kuondoka. Siku ya kupokea ufunguo, kama mwenye nyumba ni mwanamume, nakwenda na mume wangu au dada yangu, na mazungumzo yanafanyika uani au barazani. Hakuna mteja aliyechukia. Mmoja alisema ndiyo kwanza amepata mtu mwenye utaratibu. Kamera je? Nyumba nyingi siku hizi zinazo. Nauliza kwa maandishi ziko wapi, na hata nikiambiwa hakuna, sivui mtandio ndani ya nyumba ya watu. Nguo ya kazi mbali, nguo ya sala mbali. Paka mwenyewe si najisi, ila choo chake ni najisi, na wewe unakishika kutwa. Makopo yenye nyama ya nguruwe sifungui, na hilo nalisema mapema ili waache chakula kingine.

Halafu mbwa. Hapa ndipo pesa zilipo, sitawaficha. Kuna mwenye nyumba ya ufukweni alinitaka nilale kwake mwezi mzima na mbwa wake wawili, kwa malipo ambayo paka hawanipi kwa miezi minne. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua hukumu yake: mate yake na unyevu wake ni najisi nzito, kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hakihamii kitu. Tunajua pia ile habari ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa, kwa hiyo sikubaliani na wanaomrushia mbwa mawe wakaiita dini. Lakini kulala naye chumba kimoja, aninyonye mikono, kisha niamke Alfajiri nianze kutafuta udongo? Nilikataa. Mbwa wa ulinzi wanaokaa uani ndio ninaopokea, na anayewalisha ni kijana niliyemwajiri, ana viatu vyake na ndoo yake. Mama mkwe bado hakulipenda hilo. Nimemwambia, "Mama, sijawagusa," akasema, "Haya, mwanangu," kwa ile sauti mnayoijua.

Kukua kwa biashara hakukuwa na miujiza. Nilisajili jina BPRA baada ya mwaka mmoja, kwa sababu wenye hoteli walitaka risiti. Nilianza kwa shilingi 5,000 kwa ziara moja, leo ni 15,000, na sikukuu ya Idd napandisha kwa sababu namlipa msaidizi zaidi. Ufunguo una namba tu, hauna jina wala mtaa, hata ukianguka sokoni haumwelekezi mwizi. Tuko watatu sasa, na kila nyumba inajulikana na wawili kati yetu, ili mmoja akiugua mlango ufunguliwe.

Mwaka jana msimu wa Hijja mama mmoja wa Vuga aliniachia paka wake mweupe, mama mtu mzima ambaye hajawahi kumlipa mtu kwa kazi kama hii. Aliuliza bei, akaguna, akalipa nusu. Kutoka Makka alikuwa anapiga simu kila siku baada ya Isha. Hali yangu haulizi. Anataka simu iwekwe karibu na sikio la paka, anamsemesha, kisha anakata. Aliporudi aliniletea zamzam, tende, na nusu iliyobaki.