Mama Alisoma H, Mimi Nikamcheka

Mimi ni bwana shamba. Cheti changu cha kilimo nilikipata Ukiriguru. Kazi yangu ni pamba, mpunga na mahindi. Mimi si fundi wa magari. Lakini leo nataka kuwaeleza habari za injini ya dizeli, kwa sababu niliwahi kuiua injini moja ya wakulima, na kwa muda mrefu niliacha watu waamini kwamba aliyeiua ni mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka 2008, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa na umri wa miaka 27. Kikundi cha wakulima wa mpunga kilichanga fedha kwa misimu mitatu, kikanunua pikapu. Lilikuwa Toyota Hilux lililokwisha kutumika, lenye injini ya dizeli iitwayo 2L. Wanachama walikuwa 32. Mchana gari lile lilibeba mbolea na mpunga. Usiku lilibeba wagonjwa na akina mama wanaokwenda kujifungua.

Injini ya 2L ni ndogo. Ina silinda nne. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,446, yaani karibu lita mbili na nusu. Nguvu zake ni kama za farasi 80. Ndugu zake ni 3L na 5L, ambazo ni kubwa kidogo. Injini hizi ziliendesha Hilux na Hiace nyingi sana nchini mwetu. Fundi wa kijijini anaweza kuifungua chini ya mwembe kwa spana zake mwenyewe. Ndiyo maana watu walizipenda.

Injini ya dizeli hufanyaje kazi? Injini ya petroli huwasha moto kwa cheche za plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa iliyomo katika silinda. Hewa iliyojaza nafasi 22 hubanwa ikaingia katika nafasi moja tu. Ukijaza upepo tairi la baiskeli, shika pampu upande wa chini. Utaona imepata moto. Ndivyo ilivyo katika injini, ila joto lake hupita digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe.

Aliyebuni injini hii ni Mjerumani, Rudolf Diesel. Injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilikamilika mwaka 1897. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, Ufaransa, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga! Lakini wakulima wa karanga msikimbilie kumimina mafuta ya kupikia katika magari ya leo. Ni mazito, nayo huziba nozeli.

Sasa, joto lote hilo linakwenda wapi? Sehemu yake huchukuliwa na maji. Maji huzunguka ndani ya injini, hupanda mpaka kwenye silinda hedi, hutoka kwenda kwenye rejeta, hupoa, kisha hurudi. Silinda hedi ni kile chuma kinachofunika silinda kwa juu. Maji yakipungua, hicho ndicho huumia kwanza.

Siku ile tulikuwa tunapeleka mchele kwa wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, upande wa Geita. Wachimbaji hawalimi, na hununua mchele kwa bei nzuri. Gari lilikuwa la tani moja. Dereva, kijana wetu wa kijijini, alisema tupakie gunia kumi za kilo mia. Mimi nikasema kumi na nne. Bwana shamba akisema, nani atabisha? Zikapakiwa kumi na nne.

Mbele tulikaa watatu: dereva, mimi, na mama mweka hazina wa kikundi. Mama huyu alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Alikuwa anasoma kila kitu njiani: vibao, maandishi ya maduka, hata maneno ya nyuma ya malori. Barabara ya kupitia Kakola ilikuwa ya vumbi tupu, na jua lilikuwa kali.

Tukiwa tunapanda mlima mdogo, mama akaniambia:

“Bwana Shamba, ule mshale ulikuwa katikati. Sasa umefika kwenye H. H si ya hatari?”

Nikacheka. Nikamwambia, “Mayu, hiyo ni herufi ya Kizungu. Haihusu hatari.” Dereva alitaka kusimama. Nikamwambia aendelee, tungefika jioni na kukuta wanunuzi wameondoka.

Ndugu wasomaji, katika kipimo kile kuna C na H. C ni baridi, H ni moto. Mama hakujua Kizungu, lakini alikuwa ameisoma sawasawa.

Baada ya dakika chache mshale ukashuka ghafla. Nikasema, “Mnaona? Imepoa.” Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Kipimo kile huhisi maji, hakihisi chuma. Maji yakiisha kinaweza kushuka, na hapo ndipo injini inaungua zaidi. Mpaka leo mambo hayo nayafikiria.

Gari likakosa nguvu, kisha likasimama. Mvuke ukatoka kila upande. Dereva akasema, “Bwana Shamba, tungoje ipoe, hata saa nzima.” Mimi nilichukua gunia nikafungua mfuniko wa rejeta. Mvuke ukanichoma mkono, na kovu ninalo. Hata hivyo sikukoma. Nikachukua dumu la maji baridi ya lambo nikamimina. Tukasikia mlio ndani, kama jiwe linalopasuka. Mama akasema taratibu, “Hata chungu hakimwagiwi maji baridi kikitoka motoni.”

Fundi alipofungua injini, alituonyesha ufa katika silinda hedi, mwembamba kama unywele, katikati ya valvu mbili. Gasketi ilikuwa imeungua. Hedi nyingine na kazi ya fundi vilikula fedha za gunia tisa za mchele.

Fundi yule alinifundisha mengi kuliko nilivyostahili. Alisema injini ilikuwa mgonjwa tangu zamani. Paipu ya chini ya rejeta ilikuwa inavuja polepole. Sisi tulikuwa tunaongeza maji ya lambo, na tope lilikuwa limeziba vijia vya rejeta. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea. Tena fundi mmoja wa njiani alikuwa ameng'oa themostati. Hiki ni kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto linalofaa. Wengi hudhani kinaziba maji bure. Lakini katika injini nyingi za Toyota kina kazi ya pili: kikifungua njia ya rejeta, hufunga njia ya mkato. Ukikitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na maji mengine hurudi kwenye injini bila kupoa. Aliniambia pia kwamba 2L-T, ile yenye taboo, ndiyo inayojulikana zaidi kwa hedi kupasuka. Yetu haikuwa na taboo. Sisi tuliipasua kwa mikono yetu.

Utajuaje kwamba gasketi au hedi imeharibika? Maji hupungua kila siku na huoni yanapovuja. Mapovu hutoka ndani ya rejeta injini ikinguruma. Oili huwa kama chai ya maziwa. Moshi mweupe haukomi hata injini ikiwa imepata moto. Moshi mweusi ni habari nyingine: dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo. Katika barabara zetu na huko migodini, kwanza tazama kichujio cha hewa, kwa maana hujaa vumbi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Kuna na mkanda wa ndani, ambao mafundi huuita taiming belti. Katika injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika safarini, valvu na pistoni hugongana. Anayenunua gari kuukuu hajui mkanda una umri gani. Basi aubadilishe tu.

Dizeli nayo ilitutesa miaka ile. Wauzaji wengine waliichanganya na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu wala nozeli. Mwaka 2010 serikali, kupitia EWURA, ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwakamata, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida. Maji katika dizeli ni adui mwingine. Chini ya filta kuna kifungulio kidogo cha kuyatolea.

Lakini narudi kwenye lile lililonifanya niandike. Katika mkutano wa kikundi, mwenyekiti aliuliza injini imekufaje. Mimi nilisema, “Dereva hakuangalia maji.” Ilikuwa kweli kidogo. Sikutaja gunia kumi na nne. Sikutaja H, wala dumu. Dereva aliniangalia, hakusema neno. Mama mweka hazina alisema, “Bwana Shamba, sema yote.” Sikusema. Kijana aliondolewa kazi siku hiyohiyo.

Baadaye nilikwenda kwa wanachama nikasema yote. Ilinichukua mwaka mzima, na kijana alikuwa amekwisha kuhama. Nililipa gunia nne kati ya zile tisa, kidogo kidogo, kutoka katika mshahara wangu. Mama aliziandika katika daftari lake kwa mkono wake, akanionyesha nisome kama zimeandikwa sawasawa.

Mwaka jana nilikutana na yule dereva Isaka. Siku hizi anaendesha lori. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama kwenye jua, karibu na tairi lake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa mikono. Kisha akauliza:

“Ile paipu ya chini mliibadilisha?”

Nikasema tuliibadilisha.

“Na mkanda wa feni?”

“Na mkanda.”

Akaitikia kwa kichwa, akapanda lori, akatazama vipimo vyake, ndipo akaondoka.