Ugonjwa Umekwisha, Mwanangu

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu analia. Anasema jeraha la mguu uliokatwa limefunga na daktari amekuruhusu, ila tangu urudi nyumbani hutoki chumbani: chakula unaletewa, maji ya kuoga unaletewa, hata wageni wanakuona kitandani. Nimeona nikuandikie, barua utairudia ukiwa peke yako.

Nimeishi na mguu mmoja tangu kabla hujazaliwa, kwa hiyo sizunguki. Ugonjwa umekwisha. Uliobaki ni ulemavu, nao hauondoki kwa kulala na kungoja. Ukilala ukangoja, goti litakakamaa likiwa limekunjika, na siku ya kupimwa mguu wa bandia litagoma kunyooka. Huo mto wanaokuwekea chini ya goti kwa huruma, uondoe leo. Kila jioni kiangalie kigutu kwa kioo, pande zote. Wekundu mdogo ukiupuuza hugeuka kidonda.

Usiku utasikia vidole vya mguu uliokatwa vinawaka. Mtu asikwambie ni mashetani. Ni mishipa ya fahamu na ubongo, ambao bado unautafuta mguu. Madaktari wanayajua maumivu hayo na yana tiba, basi yataje ukienda kliniki.

Jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia ni mikono. Unadhani umepoteza mguu, kumbe ukishika magongo mikono yote miwili imekwenda. Kikombe cha chai hakifiki barazani. Ndoo ndiyo kabisa. Mwavuli, sahani ya mgeni, mtoto anayetaka kubebwa. Hili liliniuma kuliko mguu wenyewe. Dawa yake ni vitu vidogo vidogo: chai iwe kwenye chupa yenye kifuniko, chupa kwenye mkoba wa kuvaa shingoni, pipa la maji lisogezwe mlangoni mwa bafu. Chooni pawekwe chuma cha kushikia ukutani na kiti chenye tundu, maana kuchuchumaa kwa mguu mmoja kwenye sakafu iliyolowa ni kutafuta kuvunjika upya. Raba za magongo zikilika, badilisha siku hiyohiyo.

Kisha zungumza na mkeo, usimwache abahatishe. Mwambie: hili nisaidie, hili niachie. Shati unaliweza, livae mwenyewe hata likichukua muda. Na siku ukichoka ukahitaji kushikwa, sema vilevile. Kuomba hakukuondolei ubaba wa nyumba. Mwanao mkubwa anaweza kubeba ndoo, lakini madaftari yake ni wewe wa kuyakagua.

Nasikia kazini wanakushawishi uandike barua ya kuacha. Usiandike! Wewe ni mtunza ghala. Kazi yako ni kuhesabu, kuandika na kujua kipi kiko wapi, na hayo hayakukatwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009 unawataja waziwazi, katika kifungu cha 27, hata waliopata ulemavu wakiwa tayari wameajiriwa. Nenda na mtu wa chama cha wafanyakazi, ukae na wakubwa wa kazini kwa adabu, uwaambie unachohitaji: meza karibu na mlango, na kijana wa kushusha mizigo ya rafu za juu. Wakikataa, wakuandikie sababu.

Mguu wa bandia utakuja, inshallah, ila usiungoje ndipo uanze kuishi. Na ukishaupata, ujue kigutu hupungua miezi ya mwanzo, sehemu ya kukivika italegea, na utarudi kurekebishiwa. Hiyo ni kawaida, usikate tamaa ukautupa uvunguni.

Ijumaa hii nenda msikitini. Swali ukiwa umekaa kwenye kiti, dini imeruhusu. Watu watakutazama, na pole utapewa mpaka uchoke. Zipokee, kisha uliza habari za mpira na bei ya mchele kama ulivyokuwa ukiuliza.

Mwisho wa mwezi nakuja Morogoro, na hicho chuma cha choo tutakitia mimi na wewe. Unipokee mwenyewe pale stendi ya Msamvu. Panda bajaji uje, usinitumie mtu.

Baba yako mkubwa