Ua la kinamasi ndani ya beseni

UVIRA – Mama mmoja wa watoto wanne alikimbia kijiji chake katika bonde la Ruzizi usiku, risasi zikilia. Alibeba mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Hali ilipotulia kidogo, alirudi siku moja kuangalia shamba. Mabati ya nyumba yalikuwa yameng'olewa. Lakini kinamasi nyuma ya shamba kilikuwa palepale, na maua yake ya buluu juu ya maji. Alichimba kiazi kimoja tu chenye chipukizi, akakifunga katika jani bichi la mgomba, akarudi nacho mjini.

Ua hilo wengine huliita yungiyungi. Linapenda maji yaliyotulia na jua jingi. Hufunguka asubuhi, likajifunga mchana. Sehemu nyingi za Afrika, viazi vyake vimeliwa miaka ya njaa.

Mama aliweka udongo mzito katika beseni pana, bila mbolea, kwa sababu mbolea huozesha maji. Alipanda kiazi, ncha ikabaki nje, akatandika vijiwe juu ili udongo usielee. Mwanzoni alitia maji kidogo. Kadiri majani yalivyorefuka, aliongeza.

Siku ya tano mwenye nyumba alikuja.

"Mama, hayo maji yatatuletea mbu. Malaria tunayo ya kutosha. Mwaga."

"Baba, nivumilie siku tatu tu."

Hakukasirika, maana mzee alikuwa na haki. Maji yaliyosimama huzalisha mbu. Alienda ufukweni, akaomba wavuvi samaki wadogo wachache, akawatia katika beseni. Samaki hula viluwiluwi vya mbu. Kila asubuhi mzee aliinama kuchungulia. Hakuona kiluwiluwi, akanyamaza.

Mama aliwaonya watoto: maji hayo si ya kunywa wala ya kuoshea vyombo, kipindupindu kinajulikana hapa. Akafunika beseni kwa wavu wa zamani, mdogo asije akatumbukia.

Ua la kwanza lilipofunguka, wanawake waliotoka bonde hilohilo walikuja kulitazama. Mmoja alilia. Mtoto wa mwisho, ambaye hakumbuki kijiji, aliuliza:

"Mama, hili limetoka wapi?"

"Kwetu. Tukirudi, nalo litarudi."

Bado hawajarudi. Siku mama anapochelewa sokoni, mwenye nyumba ndiye anayeongeza maji.