Ndege ya plastiki na baba mdogo

Msinicheke jamani! Mwenzenu na ndevu zangu hapa Tarime naunganisha MiG-21 ya plastiki. Imepunguzwa mara 72: mabawa ya mita 7.15 yamebaki sentimeta 10 hivi. Vipande unakata kwa wembe, unasugua kwa msasa laini. Gundi tone tu, ikizidi plastiki inayeyuka.

Kasheshe ni rangi. Niweke bendera yetu? Jeshi letu nalo limekuwa na F-7 za China, zilizoigwa humo humo. Baba mdogo, aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 hadi 1979, akanikumbusha kwamba Amin naye alikuwa na MiG-21. Akaichukua, akaigeuza tumbo juu.

“Sisi mahandakini tuliziona upande huu.”

Basi nimeanza kupaka tumboni.