Swali la Fundi



Kaka yangu alipofariki, familia iliamua kwamba gari lake libaki kwangu. Ni Toyota Celica ya mwaka 1994, gari la spoti lenye milango miwili, lililo chini kiasi kwamba mtu wa umri wangu hutoka ndani yake kwa kujikokota. Wanafunzi wangu walicheka sana. Nami, nisiwafiche, nililipenda kuliko ilivyompasa mwalimu mzima wa miaka hamsini na zaidi.

Rimu zake, au janti kama tunavyosema Lubumbashi, zilikuwa zimekunjwa na mashimo ya barabarani. Siku moja nikaona sokoni nyingine nne, pana, zinazong'aa. Fedha niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya mabati ya jikoni. Nikanunua rimu. Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba zilikuwa za marehemu, zilizokuwa zimehifadhiwa kwa rafiki yake. Aliamini, na mvua ikaendelea kumnyeshea jikoni.

Safari ya kwanza kwenda Likasi, yapata kilomita 120, gari lilikuwa shwari hadi mwendo wa 80 kwa saa. Kufika 90 usukani ukaanza kutetemeka. Kufika 100 mikono ilikufa ganzi. Niliporudi nikalipeleka kwa kijana mmoja mwenye gereji ndogo karibu nasi. Mke wangu alikuwa pamoja nami.

Kijana yule hakugusa spana. Aliomba kwanza tuliendeshe. Katika mwendo wa 100 alitoa gia, akaacha gari liteleze lenyewe: mtetemo ukabaki. “Basi si injini,” akasema. Akakanyaga breki polepole: haukuongezeka. Basi si diski za breki. Akaongeza mafuta, akayaachia: haukubadilika. Basi si viungo vya mhimili unaozungusha magurudumu. Na kwa kuwa ulitikisika usukani wala si kiti, alitafuta kosa katika magurudumu ya mbele. Nimesomea ualimu, na nakiri kwamba somo lililopangwa vizuri namna ile ni nadra.

Kisha akauliza: “Mwalimu, ni kitu gani kilibadilishwa kabla mtetemo haujaanza?”

Nilimtazama mke wangu. Nikajibu: “Hakuna.”

“Na rimu hizi?”

“Ni za zamani. Zimetembea na gari hili miaka mingi.”

Neno hilo ndilo lililompoteza. Rimu zilizotembea miaka mingi bila shida hazina kosa, akawaza, na alikuwa na haki ya kuwaza hivyo. Magurudumu yalipelekwa kwenye mashine ya kusawazisha uzito. Mashine ikaonyesha sifuri. Akabadilisha beringi za mbele. Nikanunua matairi mawili mapya. Mtetemo ukabaki vilevile, na gharama ikapita bei ya mabati. Ndipo nikaanza kusema mtaani kwamba yule kijana hajui kazi, anakula fedha za watu. Neno la mwalimu husikilizwa. Wateja wakapungua kwake.

Baada ya wiki kadhaa alikuja mwenyewe nyumbani. Hakugombana. Aliomba aliangalie gari mara ya mwisho bila malipo. Mke wangu hakuwapo. Alivua gurudumu, akapima tundu la katikati ya rimu: milimita 73. Akapima kitovu cha gari kinachoingia humo: milimita 54. Akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, rimu hizi zilifungwa lini kweli?” Nikamwambia.

Hakucheka. Alinieleza kwamba mashine ya kusawazisha hushika gurudumu kwa koni katikati ya tundu lake, ndiyo maana kule lilionekana halina kasoro. Kwenye gari, tundu lilikuwa pana mno. Gurudumu lilishikwa na nati peke yake, na nati zilipokazwa vibaya lilikaa pembeni kidogo. Jioni nilifanya hesabu. Gurudumu la kilo 18, likikosa katikati kwa milimita 1 tu, katika mwendo wa 100 huvuta kwa nguvu ya kama kilo 15, na huzunguka zaidi ya mara 14 kila sekunde. Ukipunguza mwendo hadi 50, nguvu hiyo hubaki robo. Ndiyo maana mjini sikusikia kitu.

Alichongesha pete nne za alumini, nje milimita 73, ndani 54, akazipachika kati ya rimu na kitovu. Akakaza nati kwa kupishanisha upande huu na upande ule, gurudumu likiwa bado hewani, kisha akamalizia kukaza likiwa chini. Pete zile zilikuwa na bei ndogo kuliko tairi moja. Tulirudi barabarani, katika mwendo wa 100 usukani ulitulia kabisa.

Jioni ile nilimweleza mke wangu habari ya mabati. Alinyamaza siku mbili, na nilistahili. Kisha nilizunguka nyumba kwa nyumba kwa wale niliowapotosha. Wengine walirudi gerejini. Wengine hawajarudi hadi leo, na kila nipitapo pale huwahesabu.

Vijana wangu, mkipata siku moja gari la zamani linalotetemeka, anzeni na kitu kilichobadilishwa mwisho, na pimeni kabla ya kununua. Fundi akiuliza swali, mjibuni kweli, hata kama aliyesimama kando ndiye msiyetaka asikie. Yule kijana hakukosa ujuzi. Alikosa jibu langu.